Kitambaa Kilichobaki Vidole Viwili

Saumu mwanangu,

Umelala mdomo wazi, kama ulivyokuwa ukilala ulipokuwa mdogo, na begi lako limesimama mlangoni likiwa limeshafungwa kwa ile kamba ya manjano ya ajenti. Nimekuja kukuchungulia mara mbili. Mara ya pili nilifungua zipu ya pembeni nikakitoa kile kitambaa ulichokificha chini ya sabuni. Usinikasirikie. Kiko hapa mezani mbele yangu, pamoja na sindano na kisutu changu, ile leso ya zamani, na nina mpaka alfajiri. Kabla sijakitia sindano kuna jambo lazima uambiwe.

Mambo ya pasipoti, namba za simu za kushona ndani ya nguo, na chakula cha ndegeni, hayo shangazi yako Mwanahalima amekuhubiria wiki nzima mpaka ukawa unamkimbia kujificha chooni. Mimi nina moja tu. Nimelikalia miaka tisa kama kuku aliyeatamia yai bovu, na leo sina tena pa kulisogeza.

Juzi uliponiomba kitambaa hiki uliniambia, "Mama, kilikulinda wewe, na mimi kitanilinda." Nilinyamaza, nawe ukaona mama akinyamaza amekubali. Tangu ulipokuwa darasa la sita nimekuwa nikikuambia kwamba kitambaa hiki, cheupe chenye ncha nyekundu, upana wake kiganja na urefu wake mkono, nilipewa na rafiki yangu Monu siku tuliyoagana. Nilikuongopea. Mimi na Monu hatukuagana. Na hivi vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto visivyokunjika havikubanwa na mlango wa teksi.

Huenda ningekufa na habari hii. Lakini jana ajenti alipoleta karatasi za mwisho, wakati wewe uko jikoni ukimtolea soda, nilimwuliza unakwenda nyumba gani. Alinijibu huku anaangalia simu yake: "Mathe, relax. Nyumba iko Riyadh. Lakini hao watu wako na nyumba ingine Jeddah, ya brother ya madam, so saa zingine ataenda kusaidia huko. Ni kawaida."

Saumu, maneno hayo nayajua. Sisemi ni watu walewale. Jina lililo kwenye karatasi yako si la kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini, na matajiri wa kule wana ndugu kila mji. Lakini nilipoyasikia, soda uliyonitilia sikuinywa.

Nilifika Riyadh mwaka ule ajenti walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba hapa Ukunda wakiita wanawake kama watu wanaouza maandazi. Nyumba niliyopewa ilikuwa na ukuta mrefu ambao hukuweza kuona kitu ng'ambo yake ila taa za barabarani. Juu ya paa kulikuwa na chumba cha kufulia, na humo ndimo tulimolala watumishi wawili, mimi na Monu, kati ya mashine ya kufua na ubao wa kupigia pasi. Jina lake kamili ni Monuwara. Alikuwa mwembamba, umri wake kama miaka thelathini na tano, Mwislamu kama sisi, na kwenye mkono wake wa kulia alikuwa na kovu lenye umbo la ncha ya pasi. Ametoka Asamu, huko mwisho kabisa wa mashariki ya India, penye mto mkubwa na mashamba ya chai. Tulizungumza kwa Kiarabu cha jikoni, maneno mia hivi, na yaliyobaki tukayamalizia kwa mikono.

Wiki yangu ya kwanza nilimwaga mchuzi kule juu, nikavuta kitambaa cheupe kilichokuwa kimeanikwa kwenye rafu, nikafuta sakafu. Kilikuwa kitambaa chepesi cha pamba, ncha zake zimefumwa maua mekundu. Macho yangu yaliona kitambaa cha vyombo. Monu aliponikuta alininyang'anya, akakifua mara tatu, na hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alinikalisha chini akanieleza. Kinaitwa gamosa. Kwao mgeni wa heshima huvishwa hicho shingoni. Mwezi wa nne, mwaka wao mpya ukiingia, mwanamke huwapa wanawe, na wazee wake, na yeyote anayempenda, na kinachotakiwa hasa ni kile kilichofumwa kwa mkono wa mwenye kutoa. Yeye cha kwake alifungia msahafu, na mchuzi wangu ulikuwa umekikuta kimeanikwa. "Kichwani, zein. Shingoni, zein," aliniambia, kisha akaonyesha miguu yake. "Hapa, mafi." Yaani hapo hapana.

Niliona haya, nikatoa kisutu changu nimwonyeshe kwamba nasi tuna nguo zetu. Kisutu hiki hiki kilicho hapa, alichonifunika marehemu bibi yako siku nilipokuzaa wewe. Nilimweleza kwamba sisi tunazaliwa ndani ya leso, tunaolewa nazo, na tukifa wanawake wenzetu wanatuzungushia leso wakituosha. Monu akaisugua kwa vidole, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, kisha akatoa hukumu: "Mashini." Alilitamka kama mtu aliyeona panya. Kwake yeye nguo ambayo hakuna mwanamke aliyeikalia kitako akaifuma haikuwa nguo. Hata mabaibui ya madam, yale ya kunakshiwa vifundo vya mikono, alikuwa akiyapiga pasi huku ananong'ona "mashini, mashini," nami nacheka mpaka naziba mdomo kwa taulo.

Jioni tukikunja mashuka alinisimulia kwao. Kila nyumba ina kitanda cha kufumia chini ya upenu, na binti hukaa hapo na mama yake tangu miguu haijafika chini. Akichumbiwa, watu huuliza kwanza anafuma vipi. Kuna hariri yao ya rangi ya dhahabu, haipatikani pengine, ambayo kila ukiifua inazidi kung'aa. Mama huivaa, akifa huivaa binti yake, na binti akizeeka nayo bado haijachuja. Ya mama yake iliuzwa baba yake alipougua. Hilo alinisimulia mara moja tu, kisha akarudi kwenye mashuka.

Saa saba imepita sasa. Sindano bado haijaingia uzi.

Ungedhani basi nimeelimika kuhusu mambo ya nyuzi. Lakini mwanangu, wewe unajua nimelelewa na nani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msaidizi wa mganga. Katika kasha lake kulikuwa na vitambaa vitatu, chekundu, cheupe na cheusi, na kila kimoja kilikuwa cha pepo wake. Tulikatazwa kuvigusa. Na tulifundishwa kwamba mtu akitaka kukumaliza haji na panga, anakuja kuchomoa uzi katika nguo yako, anaufunga pamoja na uzi mweupe, anautilia maneno, na wewe mwenyewe unaanza kukauka. Bibi alikuwa akitutisha nayo ili tusiazimane nguo. Mimi nilivuka bahari nikiwa na hofu ile nzima, kama mtu aliyesafiri na chawa.

Mwezi wangu wa nane pale, madam aliniita. "Kesho kutwa utaenda Jeddah, kwa kaka yangu. Mfanyakazi wake hayupo."

"Ameenda wapi, madam?"

"Halas, ameenda."

Nilifurahi. Jeddah na Makka ni jirani, na madam alisema huenda nikapelekwa umra. Nilipanda ngazi mbio kumweleza Monu. Alikuwa anakula. Aliweka mkate chini, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Jeddah, mafi zein," akasema. "Wewe, Jeddah, mafi." Akavuta mkono wa gauni akanionyesha lile kovu la pasi, halafu akasema maneno mengi ya kwao ambayo sikuyaelewa hata moja. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mimi nikaona ni wivu. Nakwambia hivi bila kupamba: nilimtazama mwanamke aliyenipa nusu ya blanketi lake miezi minane, nikaona ana wivu kwa sababu mimi nimeitwa kwenda kuiona Kaaba na yeye hakuitwa.

Usiku wa kuamkia safari niliamka kwa kiu. Godoro la Monu lilikuwa tupu. Mwanga mdogo ulitoka nyuma ya mashine ya kufua, nikatambaa kuchungulia. Alikuwa ameketi sakafuni. Nyuzi nyeupe zilinyooka kutoka mguu wa ubao wa pasi hadi kiunoni mwake, amezifunga kama mshipi. Alikuwa anapitisha uzi mwekundu kati yake, juu, chini, juu, chini, kisha anaugongagonga kwa ubapa wa mwiko. Midomo yake ilikuwa inatembea. Na karibu na goti lake, kimekunjuliwa sakafuni, kilikuwa kisutu changu.

Sikupiga kelele. Nilirudi godoroni nikalala macho wazi. Alipokwenda bafuni nilinyanyuka nikakishika kisutu, nikakuta upande mmoja wa pindo jekundu umechomolewa nyuzi, upana wa unyasi. Unaweza kukiangalia wewe mwenyewe, pengo bado lipo. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni ule usemi, kikulacho ki nguoni mwako. Nikashuka ngazi bila viatu, nikagonga mlango wa madam.

Sikiliza nilivyosema, maana niliyachagua maneno mwenyewe. Nilisema: "Madam, Monu anafunga nyuzi. Amechukua nguo yangu. Kwetu kazi hii ni ya shetani."

Kama ningesema tu kwamba Monu yuko macho anashona, angeambiwa alale. Kama ningesema ameharibu leso yangu, angekaripiwa. Mimi nikataja shetani, kwenye nyumba ambayo mtoto wa madam alikuwa na homa siku tatu. Ulimi uliponza kichwa, ndivyo tunavyosema. Lakini wangu haukuponza kichwa changu.

Madam alipanda na mumewe. Monu aliinua uso, na hakumtazama madam, alinitazama mimi. Alikata nyuzi haraka kwa meno, akasimama, akakiweka kitambaa juu ya viganja vyake vyote viwili na kuninyooshea, ameinama kidogo. Alinipa mimi, Saumu. Mbele ya watu wote wale alikuwa ananipa. Nami nilirudi nyuma hatua mbili nikajificha mgongoni mwa madam.

Baada ya adhuhuri walikuja wanaume wawili. Mimi nilikuwa jikoni naosha mchele. Monu aliteremshwa amevaa baibui, msahafu mkononi bila ile gamosa yake, kwa sababu hiyo nayo walikuwa wameichukua. Alipopita mlango wa jikoni alisimama kidogo. Nilidhani atanilaani. Alisema, "Jeddah, mafi," kwa sauti ya chini, kama mtu anayekukumbusha usisahau mwavuli. Kisha akatoka. Sijamwona tena. Wengine walisema alirudishwa kwao, wengine walisema yuko ndani, na kule shtaka la uchawi halina mzaha. Mimi sijui. Miaka tisa sijui.

Madam aliniambia nikatupe kile kitambaa jaani. Sikukitupa, na si kwa wema. Niliogopa. Nilifundishwa kwamba ukitupa kitu kilichofungwa na uzi wa nguo yako, umejitupa mwenyewe. Lazima ukirudishe nyumbani kikafunguliwe na mtu anayejua. Nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga kiunoni, nikapandishwa gari kwenda Jeddah.

Mambo ya nyumba ile sitakuandikia yote. Bosi, huyo kaka, alikuwa mtu wa maneno matamu mbele ya mkewe. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jikoni na mlango haukuwa na ufunguo. Ukutani, karibu na godoro, mtu alikuwa amekwaruza mistari, siku baada ya siku, halafu mistari ikakoma. Kwenye kabati la jikoni niliikuta pasi ya zamani, nikaitazama ncha yake, na hapo ndipo nilipojua Monu aliungulia wapi. Alikuwa amewahi kufanya kazi mle kabla ya kuletwa Riyadh. Alinionya kwa kila neno aliloweza kulipata.

Usiku wa tisa kitasa kilianza kuzunguka. Nilikuwa nimesogeza kabati mlangoni, nami nikaushika mlango kwa mikono miwili. Alisukuma, nikasukuma. Akaacha kidogo, mlango ukajirudi, kisha akaupiga kwa bega, na vidole vyangu viwili vikabaki katikati ya mlango na kabati. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama yake mzee akaamka kule juu akaita jina lake, naye akaondoka. Asubuhi dereva alipofungua geti kutoa taka, nilitoka nyuma ya mapipa nikaenda. Sina ikama, kile kibali cha kukaa, sina viatu vizuri, nina kisutu na ule mfuko kiunoni.

Nilipofika Kandara, mtaa wa mle mle Jeddah, niliwakuta watu kama mimi chini ya daraja, wasio na karatasi, wanangoja kukamatwa ili warudishwe makwao. Mwanamke mmoja wa Machakos aliuona mkono wangu akanisukuma hadi kwenye kibanda cha fundi cherehani ng'ambo ya barabara. "Enda uombe kitambaa ufunge hiyo kitu, itaoza," aliniambia. Fundi alikuwa mzee wa miwani aitwaye Bipin. Alipokuwa anatafuta kitambaa chakavu, mimi kwa maumivu niliutoa ule mfuko kiunoni, nikafikiri, kama ni uchawi umeshafanya kazi yake, wacha nifungie nacho. Nikakitoa.

Bipin alisimama. Alifuta mikono yake kwenye shati, akakipokea kwa viganja viwili, akakigusisha kipaji cha uso wake. Alikuwa mtu wa Asamu.

"Dada, nani kafuma hiki kwa ajili yako?" aliniuliza.

Nilimwambia mtu fulani. Akakaa akanieleza polepole, Kiarabu kidogo na Kiingereza kidogo. Zamani, mwanamume wa kwao akienda vitani, mkewe au dada yake alimfumia nguo kwa usiku mmoja. Ianzwe jua likishazama na imalizike kabla halijachomoza, bila kulala. Mtu aliifunga mwilini akaenda nayo, na ilikuwa ngao. Aliyeondoka bila kufumiwa, kwao hawakumtarajia kurudi. "Siku hizi hakuna anayefanya," alisema. "Mimi mwenyewe nimesikia kwa bibi tu. Huyu aliyekufanyia hakuwa na kitanda cha kufumia, angalia, ameibana kwa kitu kama kijiko. Alijua unakwenda mahali pabaya, na alikuwa na usiku mmoja." Nikamwuliza kama ni mambo ya Wahindu. Akatikisa kichwa. Kwao, alisema, Mhindu anafuma, Mwislamu anafuma, kitambaa hakiulizi.

Kisha akakigeuza, akakipima mwisho wake kwa mkono. Ncha moja ina safu nzima ya maua. Ncha ya pili maua yamekatika, nyuzi nyeupe zinaning'inia tupu. "Imebaki vidole viwili," alisema. "Alisimamishwa."

Nikautazama mkono wangu. Naye akautazama. Mimi ni Mwislamu, najua kinga ni ya Mungu, na sisemi kitu. Nakwambia tu ilivyokuwa.

Uzi mwekundu aliuchomoa katika nguo yangu kwa sababu nyumba nzima haikuwa na mwingine, na labda kwa sababu alitaka ngao iwe na kitu cha kwetu ndani yake. Hilo nililielewa nikiwa nimeketi kwenye kigoda cha Bipin. Lakini bado hujasikia baya kuliko yote.

Bipin alichukua kalamu. "Nipe jina lake na kijiji chake," alisema. "Watu wetu ni wachache huku, tunafahamiana. Kama yuko taabuni tutamtafuta, kama kuna ndugu zake tutawaambia."

Nilijua jina lake lote. Nilijua la kijiji, alilitaja kila tulipokunja mashuka. Nikafikiri, huyu mzee akiuliza zaidi atajua ni nani aliyemsimamisha. Nikamwambia, "Simjui."

Akaifunika kalamu. Akanifunga vidole kwa kitambaa kingine, hiki cha Monu akakataa kitumike, akanikunjia vizuri na kunirudishia kwa mikono miwili. Wiki ya pili nilikamatwa pamoja na wenzangu, nikarudishwa nyumbani, ukaja kunipokea umevaa sare ya shule, na la kwanza uliloniuliza ni nimekuletea nini. Nikakupa kitambaa ukishike. Ndipo ule uongo ulipoanza, na ulivyoupenda sikuweza tena kuuvunja.

Kosa la ule usiku naweza kulitolea sababu. Nilikuwa na hofu, nilikuwa mjinga, nililelewa hivyo. Hili la kibandani sina sababu yake. Nilikuwa nimeshajua kila kitu, ni mchana, na mtu mwema ana kalamu mkononi.

Sikukukataza kwenda. Nilijaribu mara moja ukaniambia, "Mama, wewe ulikwenda na paa hili likaezekwa," na paa kweli liko juu yako. Sasa ndio ujue limeezekwa na nini. Ukisoma haya ukataka kugeuza njia, hata ukiwa uwanja wa ndege na tiketi mkononi, geuza. Nitakufungulia mlango na sitakuuliza neno, na ajenti nitapambana naye mimi. Ukienda, utalala chumba kimoja na mtu usiyemjua. Huenda ananuka mafuta usiyoyazoea, huenda anaomba kwa namna nyingine, huenda ana vitu vyake asivyotaka viguswe. Akikuambia mahali fulani si pazuri, mwamini hata kama hana maneno. Na ukiamka usiku ukamkuta anafanya jambo usilolielewa, usishuke ngazi. Keti karibu naye umwulize ni la nani. Mimi nilikuwa na swali hilo moja tu la kuuliza.

Sasa nikuambie kwa nini nilikitoa begini. Baada ya isha niliazimia kuchomoa nyuzi nyingine kwenye pindo, palepale Monu alipochomoa, nimalizie vidole viwili vilivyobaki, kisha nikushonee ndani ya ukosi wa gauni la safari pasipoonekana. Usiku mmoja, kama inavyotakiwa. Nikasema niandike mistari miwili kwanza, kwa kuwa haifai kumaliza kazi ya mtu kabla hujasema jinsi ulivyoikatiza. Na mistari miwili imekuwa hii yote. Muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Dirisha limeshakuwa la kijivu. Sindano haijaingia uzi, na kitambaa kiko kama alivyokiacha Monu.

Kwa hiyo hutakwenda nacho. Nusu ngao nimeshaijaribu. Na madam wako atakapopekua begi lako, maana atalipekua, akikuta nyuzi nyekundu na nyeupe ataziita jina lilelile nililozipa mimi. Barua hii isome kabla hujaingia ndegeni, kisha uichane.

Ila kabla ya kuichana, shika jambo moja kichwani. Jina lake ni Monuwara. Kijiji chake ni Borgachi, ng'ambo ya mto. Ana kovu la pasi mkono wa kulia. Ukikutana na mtu yeyote wa Asamu, Riyadh au Jeddah, jikoni au barabarani, mtajie. Mimi nilisema simjui. Wewe sema unamjua.

Gari la ajenti limepiga honi huko barabarani. Naja kukuamsha.

Mamako